Tarehe na saa katika tarakilishi za biashara: Kiwango kimoja kinachowaepushia wengi hasara

WAHENGA walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Lakini daftari nalo, liwe la karatasi au la tarakilishi, halimfai mwenyewe iwapo tarehe zilizomo zinaweza kusomwa kwa njia mbili.

Tuchukue mfano wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa katika eneo la kati mwa Kenya, ambacho kimetia saini mkataba na mnunuzi wa Marekani. Mkataba unasema shehena iwe imefikishwa bandarini kufikia 04/05/2024. Karani wa chama, aliyefunzwa tangu shule ya msingi kutanguliza siku, anasoma tarehe 4 Mei. Mnunuzi, ambaye kwao mwezi ndio hutangulia, anasoma tarehe 5 Aprili. Baina ya siku hizo mbili mna siku 29. Shehena ikifika Mei 3, chama kitajiona kimewahi ilhali mnunuzi atakuwa ameshaanza kudai fidia ya kucheleweshewa mali.

Wala utata huu si wa nadra. Kila tarehe ambayo siku yake haizidi 12 inaweza kusomwa kama mwezi. Ukiondoa zile ambazo siku na mwezi zina nambari moja, kama 05/05, kila mwaka una siku 132 zinazoweza kueleweka visivyo. Hiyo ni zaidi ya thuluthi moja ya mwaka.

Mwanadamu akitatizwa huweza kuuliza. Tarakilishi haiulizi. Hutii ilivyoelekezwa, ikahesabu riba, ikafunga zabuni, ikatoza faini na kuandika ankara. Ndiyo sababu wataalamu wa programu za biashara walihitaji kukubaliana juu ya njia moja ya kuandika tarehe na saa, ambayo mashine ya Nairobi na ile ya Chicago zitaisoma kwa maana moja.

Kiwango cha ISO 8601

Njia hiyo imewekwa na Shirika la Kimataifa la Viwango, linalojulikana kwa kifupi kama ISO, lenye makao yake mjini Geneva, Uswisi. Kenya huwakilishwa katika shirika hilo na KEBS, lile lile linalokagua ubora wa bidhaa madukani. Kiwango chenyewe huitwa ISO 8601. Kilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1988, kikarekebishwa mwaka wa 2000 na 2004, na mwaka wa 2019 kikagawanywa katika sehemu mbili.

Kanuni yake kuu ni nyepesi: kilicho kikubwa hutangulia kilicho kidogo. Mwaka huandikwa kwanza kwa tarakimu nne, kisha mwezi kwa tarakimu mbili, kisha siku kwa tarakimu mbili, na kati yao huwekwa kistari kifupi. Kwa hivyo Julai mosi mwaka wa 2024 huandikwa 2024-07-01. Saa hufuata utaratibu uo huo: saa, dakika na sekunde, zikitenganishwa kwa nukta mbili, kwa mfumo wa saa 24 unaoanza usiku wa manane. Tarehe na saa zinapoandikwa pamoja, herufi T huwekwa katikati, kama vile 2024-07-01T01:15:00.

Msomaji ataona kwamba mpangilio huu haumpendelei Mwingereza wala Mmarekani. Unafuata desturi ya hesabu yenyewe, ambapo maelfu hutangulia mamia, na mamia yakatangulia makumi. Kwa hiyo una faida moja ambayo makarani huipenda sana. Faili zikipewa majina yanayoanza kwa tarehe za namna hii, tarakilishi inapozipanga kwa alfabeti huwa imezipanga pia kwa wakati. Zikiandikwa kwa kutanguliza siku, tarehe 1 ya kila mwezi wa kila mwaka hurundikana mahali pamoja, na mtafutaji ankara ya mwezi uliopita akabaki kuhangaika.

Kiwango hiki pia kinaruhusu vistari na nukta kuachwa, hivi kwamba tarehe ile ile ikawa 20240701. Mtindo huo mfupi hutumika katika majina ya faili na katika ujumbe wa kibiashara unaopitishwa baina ya mashine. Katika mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kubadilishana hati za biashara uitwao EDIFACT, unaotumiwa na bandari, kampuni za meli na idara za forodha, tarehe hutumwa pamoja na nambari inayoeleza mpangilio wake. Nambari 102, kwa mfano, humaanisha kwamba kinachofuata ni mwaka wa tarakimu nne, mwezi, halafu siku.

Kwa mintarafu ya intaneti, jopo la wahandisi wanaosimamia kanuni zake lilitoa mwaka wa 2002 mwongozo uitwao RFC 3339, ambao ni muhtasari mkali wa ISO 8601. Mwongozo huo ulipunguza chaguo nyingi zilizomo katika kiwango kikuu ili programu zisilazimike kukisia. Benki nazo zimo safarini. Ujumbe wa zamani wa mtandao wa SWIFT, unaounganisha benki za ulimwengu, uliandika mwaka kwa tarakimu mbili tu. Mwezi wa Machi 2023 benki zilianza kuhamishia malipo ya kuvuka mipaka kwenye kiwango kipya kiitwacho ISO 20022, ambacho tarehe zake huandikwa kwa mtindo wa ISO 8601.

Saa ya ulimwengu

Kuandika tarehe vizuri ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua saa hiyo ni ya wapi. Saa tatu asubuhi ya Nairobi si saa tatu asubuhi ya Muscat wala ya Kinshasa.

Zamani kila mji ulikuwa na saa yake iliyofuata jua. Reli ndizo zilizoufanya utaratibu huo usiwezekane tena, maana ratiba ya treni haikuweza kuandikwa kwa saa za kila kituo. Mnamo Novemba 1883 kampuni za reli za Marekani zilijigawia kanda za saa. Mwezi wa Oktoba mwaka uliofuata, wajumbe wa mataifa 25 walikutana mjini Washington na kuamua kwamba mstari wa longitudo unaopita Greenwich, Uingereza, uwe ndio mwanzo wa kuhesabu.

Siku hizi kipimo kinachotumika huitwa Saa ya Ulimwengu Iliyoratibiwa, na kifupi chake katika lugha zote ni UTC. Hakitegemei tena kulitazama jua pekee. Hukokotolewa na Afisi ya Kimataifa ya Vipimo na Mizani iliyo karibu na Paris, Ufaransa, kwa kulinganisha saa za atomiki zaidi ya 400 zilizomo katika maabara za nchi mbalimbali.

Kila nchi hueleza saa yake kwa kutaja umbali wake kutoka UTC. Kenya, Uganda, Tanzania, Ethiopia na Somalia ziko saa tatu mbele, na tofauti hiyo huandikwa +03:00. Rwanda, Burundi na mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ziko saa mbili mbele. Oman iko saa nne mbele. India iko saa tano na nusu mbele, na Nepal saa tano na dakika 45. Hata Kenya haikuwa na saa tatu kamili tangu jadi. Katika enzi ya ukoloni kuna nyakati ilipotumia saa mbili na nusu, na nyingine saa mbili na dakika 45.

ISO 8601 hutaka tofauti hiyo iambatishwe mwishoni mwa saa. Iwapo saa iliyoandikwa ni ya UTC yenyewe, herufi Z huwekwa badala ya nambari. Marubani huitamka herufi hiyo "Zulu," na ndiyo maana huisikia saa hii ikiitwa saa ya Zulu.

Sasa tazama mauzo yaliyofanyika mjini Mombasa usiku wa kuamkia Jumatatu, Julai mosi mwaka wa 2024, saa saba na robo. Mauzo hayo huweza kuandikwa hivi:

2024-07-01T01:15:00+03:00 kwa saa za Mombasa;
2024-07-01T00:15:00+02:00 kwa saa za Amsterdam wakati wa kiangazi;
2024-06-30T22:15:00Z kwa UTC;
2024-06-30T15:15:00-07:00 kwa saa za Los Angeles wakati wa kiangazi.

Maandishi ni manne ila tukio ni moja, na lilitokea kwa mkupuo mmoja kote ulimwenguni. Tarakilishi yoyote inayofahamu kiwango hiki itayatambua yote manne kuwa kitu kimoja.

Saa ya Mswahili

Hapa kwetu tuna jambo jingine ambalo mtungaji programu kutoka ng'ambo huenda asilifikirie. Mswahili huanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza, na za usiku linapotua. Saa moja asubuhi ni 07:00 katika tarakilishi, na saa moja jioni ni 19:00. Hesabu hii inafaa sana katika nchi zilizo karibu na Ikweta, ambako jua huchomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima. Waethiopia pia huhesabu hivyo.

Tarakilishi haihesabu hivyo. Hata programu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili sanifu aghalabu huonyesha 07:00 pale ambapo msomaji hutamka "saa moja." Wengi wetu tumezoea kufanya hesabu hiyo kichwani bila kujua, tukiongeza au kupunguza sita. Hatari hujitokeza pale maagizo ya mdomo yanapoingizwa katika mashine. Karani akiambiwa gari liondoke saa mbili, naye akaandika 02:00, dereva atapangiwa safari ya usiku wa manane badala ya asubuhi.

Siku za wiki pia hazihesabiwi sawa. Kwa Mswahili juma huanza Jumamosi, na majina yenyewe hushuhudia: Jumamosi ni siku ya mosi, Jumapili ya pili na Jumatatu ya tatu. Kwa ISO 8601, Jumatatu ndiyo siku ya 1 na Jumapili ni ya 7. Kiwango hicho huzipa wiki nambari pia, na wiki ya kwanza ya mwaka ni ile yenye Alhamisi ya kwanza. Julai mosi mwaka wa 2024 huweza hivyo kuandikwa 2024-W27-1, yaani siku ya kwanza ya wiki ya 27.

Viwanda vinavyopanga uzalishaji kwa wiki hupenda mtindo huu, lakini una mtego. Jumatatu ya Desemba 30 mwaka wa 2024 ilihesabiwa kuwa katika wiki ya kwanza ya 2025. Mtungaji programu anayechanganya mwaka wa wiki na mwaka wa kalenda huweza kuichapisha ankara ya siku hiyo ikiwa na tarehe ya Desemba 30, 2025. Mteja akaona amepewa mwaka mzima wa kulipa.

Ndani ya mashine

Maandishi tuliyoyaeleza ni ya kubadilishana habari na kusomwa na watu. Ndani kabisa, tarakilishi nyingi huhifadhi wakati kama nambari moja tu.

Mifumo iliyotokana na Unix, ikiwemo ile inayoendesha seva nyingi za intaneti, huhesabu sekunde zilizopita tangu mwanzo wa Januari mosi mwaka wa 1970 kwa UTC. Mauzo yetu ya Mombasa ni nambari 1719785700 katika hesabu hiyo. Nambari ya namna hii haina ukanda wala lugha, na kutoa moja kutoka kwa nyingine hukupa muda uliopita mara moja.

Jedwali la Excel, ambalo wahasibu wengi hulitegemea, hutumia njia tofauti. Huhesabu siku, na siku ya 1 ni Januari mosi mwaka wa 1900. Julai mosi mwaka wa 2024 ni siku ya 45474, na saa huandikwa kama sehemu ya desimali ya siku. Ndani ya hesabu hiyo mna kosa la zamani lililohifadhiwa kwa makusudi. Excel huamini kwamba kulikuwa na Februari 29 mwaka wa 1900, ilhali siku hiyo haikuwapo, kwani mwaka unaogawika kwa 100 huwa na siku 366 endapo tu unagawika pia kwa 400. Kosa lilitoka kwa programu ya Lotus 1-2-3 iliyotangulia, na Excel ikalirithi ili majedwali ya wateja yasomeke bila kubadilika.

Matoleo ya zamani ya Excel ya tarakilishi za Macintosh yalianza kuhesabu kutoka mwaka wa 1904. Tofauti ya mifumo hiyo miwili ni siku 1,462. Anayenakili tarehe kutoka jedwali la mfumo mmoja hadi la mwingine bila kuangalia huweza kuziona zikisogea kwa miaka minne na siku moja. Zaidi ya hayo, nambari ya Excel haisemi ni ya ukanda upi wa saa. Mtu aliyeko Kampala na aliyeko London wakifungua jedwali moja wataona saa ile ile, kila mmoja akidhani ni yake.

Mahali hasara inapojificha

Kosa linalowapata wafanyabiashara wa Afrika Mashariki mara nyingi ni lile la usiku wa manane. Seva nyingi huhifadhi wakati kwa UTC, na hilo ni jambo jema. Ubaya huja pale ripoti inapotolewa bila kurejesha saa za hapa nyumbani. Kila kinachotendeka Nairobi baina ya saa sita usiku na saa tisa usiku huwa bado ni jana kwa UTC.

Katika nchi ambako pesa hutumwa kwa simu usiku na mchana tangu M-Pesa ilipozinduliwa mwaka wa 2007, muda huo si mtupu. Mauzo ya Mombasa tuliyoyataja yalifanyika Julai mosi, siku ya kwanza ya mwaka wa kifedha wa serikali ya Kenya. Ripoti ikisomwa kwa UTC, yatawekwa Juni 30, katika mwaka uliokwisha. Hesabu za benki zitakataa kulingana na za leja, na mkaguzi atauliza maswali ambayo mhasibu hana majibu yake. Ikiwa ni biashara inayotozwa ushuru wa VAT, mauzo hayo yatakuwa yametiwa katika mwezi usio wake.

Kosa la pili hutokana na kutotofautisha siku na wakati. Tarehe ya kuzaliwa, sikukuu au tarehe ya kuanza kazi haina saa wala ukanda. Mtu aliyezaliwa Machi 10 alizaliwa Machi 10, awe Lamu au London. Programu isiyotungwa kwa uangalifu huihifadhi tarehe hiyo kama usiku wa manane wa Nairobi, kisha huigeuza kuwa UTC, nayo ikawa saa tatu usiku ya Machi 9. Hapo mfanyakazi hupata rekodi ya uzeeni au ya bima ambayo haiafikiani na kitambulisho chake, na kulirekebisha jambo hilo humgharimu siku nyingi za kwenda na kurudi afisini.

La tatu ni la muda. ISO 8601 huandika muda kwa kuanza na herufi P: P30D ni siku 30, na P1M ni mwezi mmoja. Hizo si sawa. Mkopo uliochukuliwa Januari 31 kwa siku 30 hukoma Machi 1 katika mwaka wenye Februari 29, au Machi 2 katika mwaka mwingine. Uliochukuliwa kwa mwezi mmoja hauna Februari 31 ya kuishia, kwa hivyo ni lazima mkataba useme utaishia lini. Mkopeshaji na mkopaji wasipoelewana mapema, programu itawaamulia.

La nne ni la zabuni. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 haimruhusu afisa kuizingatia zabuni iliyofika baada ya muda kufungwa. Mfumo wa mtandaoni ukifunga kwa saa ya UTC ilhali tangazo lilikusudia saa za Nairobi, au kinyume chake, kutakuwa na saa tatu za mzozo, na kwa mwombaji saa tatu hizo huweza kuwa kandarasi nzima.

Wakati ujao na sheria zinazobadilika

Huenda msomaji akadhani dawa ya yote ni kuhifadhi kila kitu kwa UTC. Kwa mambo yaliyokwisha tendeka, ndivyo. Kwa yajayo, sivyo kila mara, kwa kuwa serikali hubadilisha saa.

Nchi za Ulaya husogeza saa mbele mwezi wa Machi na kuirudisha Oktoba. Mkulima wa maua wa Naivasha analijua hilo vyema: wanunuzi wake wa Uholanzi wako nyuma yake kwa saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa kiangazi. Misri ilirejesha utaratibu huo mwaka wa 2023 baada ya kuuacha kwa miaka. Mwezi wa Machi mwaka huo huo, serikali ya Lebanon ilitangaza ghafla kuahirisha kusogeza saa hadi baada ya mfungo wa Ramadhani. Baadhi ya taasisi zilikataa, na kwa muda watu wa nchi moja wakawa na saa mbili tofauti, hadi uamuzi ulipobatilishwa baada ya siku chache. Nayo Samoa iliamua mwaka wa 2011 kuhamia upande wa pili wa mstari wa tarehe, na Ijumaa ya Desemba 30 ikafutwa kwenye kalenda yake.

Mkutano uliopangwa kwa saa nne asubuhi mjini Beirut ungebaki saa nne asubuhi kwa wenyeji, ila nambari yake ya UTC ingebadilika. Kwa hivyo miadi ya siku zijazo huhifadhiwa kwa saa ya mahali pale pamoja na jina la ukanda, si tofauti ya nambari peke yake. Majina hayo yamo katika orodha ya kimataifa iliyoanzishwa na Arthur David Olson na ambayo tangu 2011 husimamiwa na shirika la IANA. Saa za Kenya humo huitwa Africa/Nairobi, na majina ya Kampala na Dar es Salaam yameelekezwa kwenye jina hilo hilo. Mashine isiyosasishwa hubaki na sheria za zamani, na ndiyo sababu masasisho hayafai kupuuzwa.

Mwaka wa 2038 na sekunde za ziada

Walio na umri wanakumbuka hofu ya kuingia mwaka wa 2000, ambapo mashine zilizoandika mwaka kwa tarakimu mbili zingedhani 00 ni 1900. Kazi kubwa ya marekebisho ilifanywa na msiba mkuu ukaepukwa. Upo mwingine wa jinsi hiyo. Mifumo ya zamani inayohesabu sekunde za Unix kwa biti 32 haiwezi kupita nambari 2,147,483,647. Nambari hiyo itafikiwa Januari 19 mwaka wa 2038, saa 03:14:07 kwa UTC, yaani saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi hapa Kenya. Sekunde itakayofuata, mashine hizo zitarudi hadi Desemba 13 mwaka wa 1901.

Mifumo ya biti 64 haina tatizo hilo, lakini zipo mashine kuukuu viwandani na katika vifaa vidogo. Isitoshe, mkopo wa nyumba wa miaka 20 au kodi ya ardhi ya miaka 99 huvuka mwaka wa 2038, na programu inayoukokotoa huhitaji kuufahamu mwaka huo leo.

Sekunde za ziada ni jambo dogo zaidi, ila limewahi kusumbua. Kwa kuwa dunia haizunguki kwa mwendo thabiti, sekunde 27 ziliongezwa kwenye UTC baina ya 1972 na mwisho wa 2016. Ile ya Juni 30 mwaka wa 2012 ilizilemea seva nyingi, na mfumo wa kuwasajili abiria wa shirika la ndege la Qantas la Australia ulikwama, safari zikachelewa. Mnamo Novemba 2022 mkutano mkuu wa vipimo uliamua kwamba utaratibu huo ubadilishwe kufikia 2035.

Afanye nini mfanyabiashara?

Si lazima mwenye duka awe mtaalamu wa tarakilishi. Yapo mambo machache anayoweza kuyasimamia mwenyewe.

Katika mikataba, ankara na barua za nje ya nchi, aandike tarehe kwa mtindo wa 2024-07-01 au autaje mwezi kwa jina. Kila makataa yatajwe pamoja na saa na mahali, kwa mfano "saa kumi na moja jioni (17:00), saa za Nairobi." Anaponunua programu, amuulize muuzaji maswali matatu: je, wakati huhifadhiwa kwa UTC? Ripoti za siku na za mwezi hufungwa kwa saa za wapi? Tarehe zisizo na saa, kama za kuzaliwa, huhifadhiwaje?

Kabla ya kulipa, aifanyie programu hiyo majaribio. Aingize mauzo ya saa saba usiku siku ya kwanza ya mwezi, kisha atoe ripoti ya mwezi uliotangulia. Mauzo hayo yakionekana humo, programu ina kasoro na irudishwe kwa mtungaji. Aingize pia Februari 29, na malipo ya mwaka wa 2040. Anapopokea jedwali kutoka kwingine, alinganishe tarehe mbili au tatu na stakabadhi halisi kabla ya kuziamini zote.

Majaribio hayo hayachukui nusu saa, na ni nafuu kuyafanya siku ya ununuzi kuliko siku ambayo mkaguzi amekwisha kuketi mezani.